Majibu kwa Wasomaji: Waliotangulia Kuruka Walijuaje Umbo la Bawa?

Barua tatu tulizopokea zinahusu jambo moja, nalo ni bawa la ndege na namna lilivyofahamika kwa watu wa mwanzo waliotaka kuruka. Tunazijibu kwa pamoja, na barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu ndiyo iliyobeba mzizi wa maswali mengine yote.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na wanafunzi wangu wameniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kikamilifu. Watu wa kwanza kuunda ndege walijuaje bawa liwe la umbo gani, ilhali hapakuwa na chuo kilichofundisha jambo hilo wala ndege ya kuigiza? Je, walibahatisha mpaka wakapatia, au walikuwa na kanuni ya kufuata?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali zito, kwa kuwa masimulizi mengi ya ndege huanzia tarehe 17 Desemba 1903, siku ambayo Orville Wright alidumu angani kwa sekunde 12, yakaacha kando zaidi ya miaka mia ya kazi iliyoitangulia siku hiyo. Hawakubahatisha, na kanuni waliyorithi ilikuwa na kasoro kubwa. Walichokuwa nacho ni vyombo vya kupimia, vingi vyao walivyovitengeneza kwa mikono yao wenyewe, na kila hatua ya maana waliyopiga ilifuata kuboreshwa kwa vyombo hivyo.

Tuanze na kanuni yenyewe. Kutokana na hoja alizoziandika Isaac Newton mwaka 1687, wanahisabati wengi walishika kwamba nguvu ya hewa juu ya ubao ulioinama hupungua kwa kadiri ya mraba wa saini (yaani "sine" ya hisabati) ya pembe ya ubao huo dhidi ya upepo. Wanafunzi wako wanaweza kuikokotoa wenyewe: kwa pembe ya nyuzi 3, ubao ungepata chini ya asilimia 0.3 ya nguvu ambayo upepo huo huo huutia ubao unaoukabili uso kwa uso. Ingekuwa kweli, mabawa ya kumbeba mtu yangehitaji ukubwa usiobebeka, na yeyote aliyeamini hesabu hiyo alikuwa na haki ya kukata tamaa. Ilibidi apatikane mtu wa kuiuliza hewa yenyewe.

Mtu huyo alikuwa George Cayley, Mwingereza wa Yorkshire. Mwaka 1799 alichora juu ya kisahani cha fedha mambo mawili: upande mmoja mchoro wa nguvu zinazolikuta bawa, akitenganisha ile inayoinua na ile inayozuia, na upande wa pili chombo chenye bawa lisilopigapiga, mkia, na makasia ya kukisukuma. Huenda leo jambo hilo likaonekana dogo. Kabla yake, karibu kila aliyetamani kuruka aliwatazama ndege wa angani wakipiga mabawa, akadhani kuinuka na kusonga mbele ni kazi moja isiyogawanyika. Cayley aliigawa: bawa liinue, na kitu kingine kisukume. Ndege zetu zote zimekaa juu ya mgawanyo huo, nami siogopi kusema kwamba ndilo wazo kubwa kuliko yote katika historia hii.

Mwaka 1804 alitengeneza mkono wa kuzunguka, chombo ambacho wengine walikwisha kukitumia kupima ukinzani wa hewa. Uzito uliofungwa kwenye kamba ulishuka na kuuzungusha mkono, na kwenye ncha ya mkono huo Cayley aliweka kipande cha bapa kwa pembe aliyoitaka, kisha akapima ni uzito gani kipande hicho kingeweza kuuinua kilipokuwa kikikata hewa. Matokeo yake, aliyoyachapisha kuanzia mwaka 1809, yalionyesha kwamba kwa pembe ndogo hewa ni karimu kuliko kanuni ya zamani ilivyodai, na aliona pia kwamba bapa lililopinda kidogo huinua vizuri kuliko lililonyooka. Hata hivyo chombo chake kilikuwa na ila moja: mkono unapozunguka chumbani, hewa nayo huanza kuzunguka pamoja nao, na baada ya mizunguko michache bapa linapita katika hewa ambayo limeivuruga lenyewe.

Ila hiyo ndiyo iliyomfanya Francis Wenham ageuze mambo. Mwaka 1871, kwa niaba ya chama cha urukaji kilichoundwa Uingereza miaka mitano kabla, alisimamia ujenzi wa handaki la upepo la kwanza, ambamo bawa hutulia na hewa ndiyo inayopita. Humo ilithibitika kwamba kwa pembe ndogo nguvu ya kuinua huzidi ukinzani mara kadhaa. Wenham alikuwa pia amekwisha kutambua kwamba sehemu ya mbele ya bawa ndiyo inayofanya kazi kubwa, hivyo bawa refu na jembamba, ambalo ukingo wake wa mbele ni mrefu, hushinda bawa fupi na pana lenye eneo lile lile. Mwingereza mwenzake, Horatio Phillips, alipima maumbo mengi yaliyopinda na kupewa hataza mwaka 1884.

Mjerumani Otto Lilienthal ndiye aliyeyatoa mambo haya katika vipimo na kuyapeleka mwilini mwake. Yeye na ndugu yake Gustav walianza kuwatazama korongo tangu utoto wao katika mji wa Anklam, na baadaye wakapima mabapa yaliyopinda kwa mkono wa kuzunguka na hata katika upepo wa wazi. Mwaka 1889 Lilienthal alichapa kitabu chenye majedwali ya nguvu za hewa kwa kila pembe, na ndani yake mna jambo lililowashangaza watu: bapa lililopinda huinua hata pale mstari unaounganisha kingo zake mbili unapolala sambamba na upepo. Kuanzia mwaka 1891 alipanda vilimani na kuruka kwa glaida, yaani ndege isiyo na injini, akaruka mara zipatazo 2,000. Tarehe 9 Agosti 1896 upepo uliisimamisha glaida yake hewani, akaanguka, na siku ya pili akafariki. Habari za kifo hicho ndizo zilizowaamsha Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli wa Dayton, Ohio, nchini Marekani.

Hapa, Mwalimu, naomba uwasimulie wanafunzi wako polepole, maana ndipo palipo na funzo la fizikia hasa. Ndugu hawa hawakuwa na sababu ya kuyashuku majedwali ya Lilienthal. Waliyatumia kukokotoa glaida yao ya mwaka 1900 na ile ya 1901, ambayo ilikuwa na mabawa ya urefu wa mita 6.7 na upana wa mita 2.1. Walipoifikisha kwenye fukwe za mchanga za Kitty Hawk, huko North Carolina, Marekani, glaida hiyo ya pili iliinua kama theluthi moja tu ya uzito ambao hesabu iliahidi. Isitoshe, ilikuwa na tabia ya kushusha pua ghafla, na mrukaji alilazimika kutumia nguvu zote za usukani wa mbele ili kuizuia.

Walifanya nini? Walilitoa bawa la juu, wakalirusha peke yake kama tiara. Katika upepo hafifu bawa lilivuta kamba kuelekea juu. Upepo ulipoongezeka, bawa lilishuka na kulala mlalo. Ulipozidi kuwa mkali, bawa liliinamisha ukingo wake wa mbele na kuvuta kamba kuelekea chini. Kwa jaribio hilo walijua kwamba kitovu cha nguvu, yaani mahali ambapo nguvu ya hewa hulishika bawa, hakikai mahali pamoja: pembe ikipungua kitovu husogea mbele kama vitabu vilivyosema, lakini katika bawa lililopinda hufika mahali kikageuka na kurudi nyuma, na hapo ndipo pua inaposukumwa chini. Walipunguza mpindo wa mabawa palepale kambini, na glaida ikatulia.

Lakini lile deni la theluthi mbili lilibaki. Walikuwa na mtuhumiwa wa kwanza, nayo ni namba iliyokuwa ikitajwa kwa jina la John Smeaton, mhandisi aliyeandika kuhusu vinu vya upepo mwaka 1759. Namba hiyo, 0.005 kwa vipimo vya Kiingereza, ilieleza nguvu ya upepo juu ya ubao unaoukabili, na kila hesabu ya bawa ilizidishwa kwayo. Vipimo vyao wenyewe vya Kitty Hawk viliwaonyesha kwamba thamani iliyo karibu na kweli ni 0.0033, yaani theluthi mbili tu ya ile iliyoaminika kwa zaidi ya miaka mia. Marekebisho hayo peke yake hayakutosha kulipa deni lote.

Waliporudi Dayton walifunga ringi ya baiskeli ikalala mlalo mbele ya usukani wa baiskeli, huru kuzunguka. Juu yake waliweka kipande kilichopinda upande mmoja na kipande bapa kinachokabili upepo upande mwingine, kisha mmoja wao akaendesha kwa kasi barabarani. Kwa mujibu wa jedwali, vipande hivyo vingetoshana nguvu kile kilichopinda kikiwa kwenye pembe ya nyuzi 5. Ringi haikutulia mpaka pembe ilipofika nyuzi 18. Hawakuridhika na kipimo hicho cha barabarani, hivyo katika miezi ya mwisho ya mwaka 1901 walitengeneza handaki la upepo: sanduku la mbao la urefu wa mita 1.8 na mdomo wa mraba wa sentimita 40, feni upande mmoja, na kioo juu cha kuchungulia.

Uzuri wa kazi hiyo ulikuwa ndani ya sanduku, katika mizani yao. Waliitengeneza kwa vipande vya chuma cha misumeno na nyaya za spoku za baiskeli, na ukiiona pichani utadhani ni takataka za karakana. Haikupima nguvu ya bawa moja kwa moja, bali ilishindanisha nguvu hiyo na nguvu ya vipande bapa vilivyokuwa katika upepo ule ule kwa wakati ule ule, na mshale ukaonyesha pembe ambayo saini yake ndiyo uwiano wa nguvu hizo mbili. Upepo ukiongezeka au kupungua, pande zote mbili zilipata badiliko lile lile, na mshale haukusogea. Kwa njia hiyo hawakuhitaji kujua kasi kamili ya upepo, wala ile namba ya Smeaton haikuingia kabisa. Wapimaji wengi waliowatangulia walipotezwa na mambo hayo mawili.

Walipima vibawa vipatavyo 200 vilivyokatwa kutoka bati la chuma, kisha wakachagua chini ya 50 na kuvipima kwa utaratibu, pembe baada ya pembe. Jibu lilikuja wazi. Jedwali la Lilienthal halikuwa na kosa kubwa, ila lilikuwa jedwali la bawa lake: refu kwa takriban mara sita na nusu ya upana wake, lenye ncha zilizochongoka na mpindo wa mviringo wenye kina cha moja ya kumi na mbili ya upana. Wao walilitumia kwa bawa lenye urefu wa mara tatu tu na mpindo wa umbo jingine. Namba zilikuwa za kweli, lakini zilikuwa zimevikwa bawa lisilo lao. Glaida ya mwaka 1902 ilitoka na mabawa ya mita 9.8 kwa mita 1.5, mpindo mdogo zaidi, na ikaruka mamia ya mara ikiinua kama hesabu ilivyosema. Walipofika kwenye rafadha, yaani panga linalozunguka na kuisukuma ndege, walitambua kwamba nayo ni bawa linalozunguka, wakaikokotoa kwa majedwali yale yale ya sandukuni.

SWALI: Mhariri, shuleni tulifundishwa kwamba hewa inayopita juu ya bawa ina njia ndefu, hivyo hukimbia ili ikutane kwenye ukingo wa nyuma na ile iliyopita chini, na kukimbia huko ndiko kunakoinua ndege. Je, hii ndiyo kanuni waliyoigundua hao waanzilishi?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, na ni vyema ukalitoa jambo hilo kichwani. Hakuna kinacholazimisha chembe mbili za hewa zilizoachana mbele ya bawa zikutane tena nyuma yake. Vipimo vinaonyesha kwamba hewa ya juu hufika nyuma mapema kuliko ya chini, kwa hiyo mkutano huo haupo. Ushahidi mwingine unatoka kwa waanzilishi wenyewe: mabawa ya Lilienthal yalikuwa kitambaa cha tabaka moja kilichotandazwa juu ya miti, na vibawa vya akina Wright vilikuwa bati jembamba. Katika mabawa ya namna hiyo njia ya juu na ya chini zina urefu ulio karibu sawa, na bado yaliinua vizuri sana.

Bawa huinua kwa kuigeuza hewa ielekee chini, hewa ya juu na ya chini kwa pamoja, na katika kugeuzwa huko shinikizo hupungua juu ya bawa na kuongezeka chini yake. Gustave Eiffel, yule yule wa mnara wa Paris, alijenga handaki la upepo karibu na mnara wake mwaka 1909, akatoboa matundu madogo katika mabawa ya mfano na kupima shinikizo mahali pamoja baada ya pengine. Alikuta kwamba mvuto wa upande wa juu hufanya kazi kubwa kuliko msukumo wa upande wa chini, jambo ambalo watu wengi hawakulitarajia.

Napenda kuongeza jambo moja linalosahauliwa. Nadharia ya hisabati inayoeleza kuinua ilikuja baada ya vipimo, na kwa sehemu ilizaliwa navyo. Mjerumani Wilhelm Kutta alipokokotoa mwaka 1902 nguvu ya bapa lenye umbo la tao, lililowekwa bila pembe yoyote dhidi ya upepo, alikuwa akitafuta maelezo ya lile jambo la ajabu alilolipima Lilienthal. Mrusi Nikolai Zhukovsky alifikia kanuni hiyo kwa njia yake miaka michache baadaye. Akina Wright hawakuihitaji wala hawakuijua walipoondoka ardhini.

SWALI: Ikiwa walipima kwa uangalifu kiasi hicho, mbona mabawa yao yalikuwa membamba kama karatasi, ilhali ya ndege za leo ni manene? Je, walikosea?

JIBU: Vipimo vyao vilikuwa sahihi kwa vitu walivyovipima. Tatizo lilikuwa ukubwa. Kibawa cha sentimita chache katika upepo wa wastani hakiioni hewa kama bawa kamili linavyoiona, kwa kuwa kadiri kitu kinavyokuwa kidogo na kasi inavyopungua, ndivyo unato wa hewa, yaani kunata kwake, unavyopata usemi mkubwa zaidi. Katika hali hiyo hewa huachana mapema na mgongo wa bawa nene, na bawa hilo huonekana halifai kitu. Mahandaki ya mwanzo yote yalikuwa madogo, kwa hiyo yote yalisifia bawa jembamba, na wabunifu wakaendelea kulitumia kwa zaidi ya miaka kumi baada ya 1903.

Gharama ya wembamba huo ilikuwa nyaya. Bawa lisilo na unene halina mahali pa kuweka mhimili imara, hivyo lilishikiliwa kwa nguzo na nyaya nyingi za nje, kama alivyofanya mhandisi wa madaraja Octave Chanute katika glaida yake ya mabawa mawili ya mwaka 1896, na kila waya uliongeza ukinzani. Hugo Junkers wa Ujerumani aliachana na mtindo huo. Desemba 1915 ndege yake ya chuma kitupu iliruka ikiwa na bawa nene lililojishikilia lenyewe bila waya hata mmoja wa nje, na baada ya hapo handaki kubwa la upepo la Göttingen, Ujerumani, chini ya mwanasayansi Ludwig Prandtl, lilipima mabawa manene kwa ukubwa wa kutosha na kuonyesha kwamba hayana hasara iliyodhaniwa, na kwamba huvumilia pembe kubwa zaidi kabla ya kupoteza nguvu ya kuinua. Ndani ya unene huo ndimo mihimili ya ndege za abiria za leo inamopita, na ndimo mafuta yake mengi yanamobebwa.